Amana Iliyofichwa Chumba cha Uani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Wazazi wapenzi, juma hili naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 7 chuoni kwangu. Mtoto yule hakuwa akizungumza, hakumtazama mtu usoni, na kila wanafunzi walipopaza sauti kusoma, yeye aliziba masikio akalia. Siku ya tatu nikamwambia mamake, “Dada yangu, huyu atawasumbua wenziwe. Kaa naye nyumbani, Mungu atamfanyia wepesi.” Akainama, akajibu, “Haya, maalim.” Tangu siku ile sikumwona tena mtoto yule, si njiani wala msikitini. Nilidhani nimetoa nasaha, kumbe nimefunga mlango.

Jambo hili lilinirudia siku nilipokuwa nikisomesha tafsiri ya Surat Abasa, sura ya 80. Abdullahi bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa dini, naye Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi akitumai watasilimu. Mtume akakunja uso, na wahyi ukateremka kumzindua. Baadaye sahaba huyo alikuwa mwadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja Mtume alimwachia uangalizi wa Madina alipokuwa safarini. Ikiwa mbora wa viumbe alizinduliwa kwa ajili ya asiyeona mmoja, mimi maalim wa mtaani nina udhuru gani?

Katika miji yetu ya pwani wapo watoto ambao hata jirani wa ukuta mmoja hawajui. Mwenye usonji huambiwa ana jini, mwenye mtindio wa ubongo huambiwa amerogwa, na mama huulizwa amekosa nini. Hakukosa. Mtoto huyu si adhabu wala si aibu; ni amana, na amana haifichwi ikaozea ndani. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema, lakini kombe halichukui nafasi ya daktari. Mtume mwenyewe alituamrisha tujitibu.

Basi mzazi, ukiona mwanao amechelewa kukaa, kutembea au kusema, usingoje. Mpeleke hospitali, kisha uulize ofisi ya elimu iliyo karibu nawe kuhusu kituo cha tathmini, ambako hupimwa mahitaji yake na kuelekezwa shule inayomfaa. Msajili pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hayo si sadaka. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kimeyataja masomo na heshima ya watu wenye ulemavu kuwa ni haki yao.

Nanyi akina baba, mzigo huu msimwachie mama peke yake. Mbebe mwanao mbele za watu, uende naye msikitini. Watu watakapoona wewe huoni haya, nao watajifunza.

Nilimwendea mama yule kumwomba radhi. Kijana alikuwa amefikia miaka 14. Mama hakunilaumu, aliniuliza tu, “Maalim, mbona umechelewa?” Sikuwa na jawabu.

Sasa kijana huja nusu saa kabla ya wenziwe, chuo kikiwa kimya. Nimemchorea ukutani hatua za udhu, naye huzifuata moja moja. Ilimchukua takriban mwaka mzima kuzijua. Bado hasemi. Lakini Ijumaa iliyopita aliketi safu ya nyuma, kando ya babake, na imamu alipotoa salamu, naye aligeuza uso kulia, kisha kushoto.

Walimu wenzangu, kabla hamjasema chuo hakina nafasi, tazameni tena. Ewe Mola, wape subira wazazi hawa, utusamehe sisi tuliowafungia milango, na utuwezeshe kuifungua.

Wabillahi tawfiq.