Kituo Kiko Dar, Kamera Iko Iringa



Katika vijiji vyetu vya Kilolo ilikuwako desturi ya kumwita mwandishi wa habari kwa jina la chombo chake. Akishuka kwenye gari mtu mwenye kamera begani, watoto walipiga kelele, "ITV hao!" au "Channel Ten kaja!" Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi siku hiyo. Sasa juma lililopita kijana mmoja wa Ilula, aliyekua katika zama hizi za ving'amuzi, aliniuliza kwa nini babu yake husema kwamba Channel Ten aliuawa Nyololo. "Mzee," akaniambia, "kituo cha televisheni kinauawaje?" Nikaona swali lake linastahili kujibiwa hapa, na jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo.

Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha za rangi nyeusi na nyeupe. Huku Bara hatukuwa nayo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ni ghali na kwamba ingewafaa wachache wa mjini, wakati mkulima wa kijijini alihitaji redio. Mimi siwezi kusema kuwa hoja hiyo ilikuwa ya kijinga. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walivyokaa kwa vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ya betri ilifika pale ambapo hata barabara haikufika. Huko Dar es Salaam nako wachache waliokuwa na seti waligeuza antena zao zielekee Zanzibar, wakawa wanaangalia televisheni ya jirani.

Mambo yalibadilika baada ya nchi kurudia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, iliyowaruhusu watu binafsi kuanzisha redio na televisheni. Mwaka 1994 zikaanza kuonekana: CTN, ITV ya marehemu Reginald Mengi, na DTV. Serikali yenyewe ilikuja nyuma yao. Televisheni ya Taifa, ile tuliyoiita TVT, ilizaliwa baada ya hizo za watu binafsi, na baadaye ikawekwa pamoja na redio ya taifa chini ya shirika moja, ambalo leo ni TBC.

Katika vituo hivyo kijana wangu alitaka habari za Channel Ten, basi nitabaki hapo. Channel Ten ndiyo ile ile DTV ya zamani. Herufi zile zilikuwa kifupi cha Dar es Salaam Television, na jina lenyewe lilikwambia ilikusudiwa nani. Ilikuwa mali ya kampuni ya Africa Media Group, ambayo pia ilikuwa na redio ya Magic FM, na miaka mingi baadaye vyombo hivyo vikaja kuwa mikononi mwa Chama cha Mapinduzi. Waliokuwa wakiitazama hawamsahau Makwaia wa Kuhenga na kipindi chake cha mazungumzo, "Je, Tutafika?", ambamo wanasiasa na wasomi walikalishwa kitini wakaulizwa nchi inakwenda wapi. ITV nayo ilikuwa na watu wake. Julius Nyaisangah, ambaye sauti yake tuliizoea tangu Radio Tanzania, alihamia huko na kwenye Radio One, na wapo waliomwona uso kwa mara ya kwanza wakashangaa, maana kila mtu alikuwa amekwisha kumchora kichwani kwa namna yake. Maigizo ya kundi la Kaole yalirushwa na kituo hicho hicho, na humo ndimo alimopita Steven Kanumba kabla ya filamu kumpa jina hadi nje ya nchi.

Lakini ndugu msikilizaji, hao wote tuliwajua kwa kuchelewa. Kwanza umeme. Wilaya ya Kilolo ilianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Iringa Vijijini, na wakati huo vijiji vyenye nguzo za umeme vilikuwa vya kuhesabu. Pili ni hii milima yetu. Mawimbi ya redio za zamani, yale ya masafa ya kati na masafa mafupi, yana uwezo wa kuambaa na ardhi au kugonga anga la juu na kurudi chini, ndiyo maana Radio Tanzania ilitoka Dar es Salaam ikatukuta Dabaga. Mawimbi ya televisheni hayana tabia hiyo. Yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na yakikutana na mlima yanaishia hapo. Udzungwa ni ukuta. Aliyetaka picha ilimbidi anunue dishi, lile kubwa lililotazama mbinguni, au asubiri siku kituo kitakapojenga mtambo wa kurudia matangazo juu ya kilima cha karibu.

Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1998, Ufaransa na Brazil, niliitazama katika baa moja ya Ilula yenye dishi na jenereta. Ilikuwa Julai na baridi yake, tumejipanga na makoti hadi nje mlangoni, na kiingilio kilikuwa kununua soda. Zidane alifunga mawili kwa kichwa kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili mafuta ya jenereta yakaisha. Mwenye baa akatafuta petroli usiku ule mpaka akachoka. Bao la tatu tulilisikia asubuhi yake, redioni.

Hiyo ni habari ya picha kutoka nje kuja kwetu. Je, za kwetu zilikwendaje nje? Hapa ndipo anapoingia yule mtu wa kamera.

Kituo cha Dar es Salaam hakikuwa na ofisi kila mkoa. Kilikuwa na mwakilishi, mtu mmoja, na wawakilishi wengi walilipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi. Habari isipotoka, nauli na jasho vilikuwa hasara ya mwandishi. Alipiga picha mwenyewe, akauliza maswali mwenyewe, jioni akaandika maelezo kwenye karatasi, akaifunga kanda ndani ya bahasha pamoja na karatasi ile, akaipeleka stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la alfajiri. Bahasha iliteremka Kitonga, ikapita Mikumi na Morogoro, kilomita zipatazo 500, hadi Ubungo, kilipokuwa kituo kikuu cha mabasi wakati ule, ambako mtumishi wa kituo aliipokea. Basi likiharibika Ruaha Mbuyuni, habari ya Iringa nayo iliharibika pamoja nalo. Intaneti ilipofika mjini mambo yalipungua ugumu, ingawa kutuma picha ya dakika mbili kuliweza kummalizia mtu nusu siku katika kibanda cha kompyuta.

Jambo jingine ni usafiri. Mwakilishi hakuwa na gari. Kwenda Idete au Udekwa alilazimika kudandia gari la mwenye shughuli: mkuu wa wilaya anayekagua shule, mbunge anayekabidhi mabati, shirika linalozindua kisima, chama kinachofungua tawi. Ndiyo maana kwa miaka mingi Kilolo ilionekana kwenye televisheni siku ya kukata utepe, na siku ambayo kisima kile kiliharibika haikuonekana. Nasema hivi bila kuwalaumu waandishi. Aliyekuwa na gari ndiye aliyechagua habari, na mwandishi mwenye ujuzi alifanya alichoweza: baada ya hotuba alizunguka nyuma ya jukwaa akamtafuta mama mmoja aliyekuwa kimya, akamwekea kipaza sauti. Maneno mawili ya mama yule yakipita Dar es Salaam, wiki ile ofisi za wilaya zilikuwa na joto.

Basi mtu wa namna hiyo, kwa mkoa wa Iringa na kwa Channel Ten, alikuwa Daudi Mwangosi. Alikuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, maana yake mwenzake akipata taabu yeye ndiye aliyetakiwa kuuliza.

Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012 alikwenda Nyololo, wilayani Mufindi, jirani zetu hawa, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. CHADEMA walikuwa wakifungua tawi. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya vyama kwa maelezo kuwa Sensa ya Watu na Makazi, iliyoanza tarehe 26 Agosti, ilikuwa haijamalizika. Chama kikasema kinafungua tawi, hakifanyi mkutano wa hadhara. Mabishano hayo yakaishia kwenye mabomu ya machozi. Katikati ya vurugu hizo mwandishi mmoja alishikwa na polisi, na Mwangosi akaenda kuuliza habari za mwenzake. Askari wakamzunguka wakampiga. Bomu la machozi likafyatuliwa kwa karibu mno, likampata tumboni. Alikufa pale pale. Ofisa mmoja wa polisi aliyekuwa karibu naye alijeruhiwa pia.

Maelezo ya kwanza yaliyotoka polisi yaliwaelekezea kidole watu wa mkusanyiko, kwamba wao ndio waliorusha kitu kilichomwua. Yangeweza kubaki hivyo, kwani ni mambo mangapi ya vijijini yamebaki na maelezo ya kwanza? Lakini wenzake Mwangosi walikuwa na kamera. Siku zilizofuata magazeti yalichapisha picha: mtu yuko katikati ya duara la askari wenye kofia za chuma, na silaha imeelekezwa kwake. Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Steven Ihema. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri walituma timu yao. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ilichunguza, ikasema wazi kwamba haki za binadamu zilivunjwa siku ile. Askari mmoja alishitakiwa, na kesi ikachukua karibu miaka minne. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Wapo walioona adhabu hiyo inatosha. Wapo walioona kwamba aliyefyatua alipatikana, lakini waliokuwa wakitoa amri pale Nyololo hawakuulizwa kwa uzito ule ule. Mimi ni wa kundi hili la pili, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mwangosi alizikwa kwao wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Muungano wa klabu za waandishi wa habari nchini ukaanzisha tuzo yenye jina lake, kwa waandishi waliofanya kazi katika hatari. Wengi humhesabu kuwa mwandishi wa kwanza wa Tanzania kuuawa akiwa kazini, tena mbele ya macho ya watu na mchana kweupe.

Miezi minne baada ya kifo chake, usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Antena zetu za kwenye miti ya mlingoti zikawa za kuanikia nguo. Leo king'amuzi kinakuletea picha safi Kidabaga kama Kariakoo, na umeme wa vijijini umefika pengi ambapo zamani tuliwasha koroboi. Mwandishi wa mkoani hahitaji tena kondakta wa basi, anatuma picha kwa simu akiwa bado shambani kwa mtu. Gari bado hana. Mkataba nao, kwa wengi wao, ni habari ya siku zijazo.

Nilimweleza hayo yule kijana, akanyamaza, halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mwaka 2012 babu yake hakuwa na televisheni. Asubuhi ya Jumatatu ile alikuwa bondeni anamwagilia nyanya, na redio yake ndogo imening'inia kwenye mti. Alifunga maji kabla ya kumaliza matuta, akapanda nyumbani, akamkuta mkewe jikoni, akamwambia kwamba wamemwua Channel Ten.