Maafa na hali ya hatari si kitu kimoja

Hebu fikiria uko Kalambo. Mvua imepiga siku tatu mfululizo, daraja limesombwa, na ng'ambo ya mto kuna mama mjamzito anayetakiwa kufika hospitali. Unampigia nani? Na huyo unayempigia, sheria inamruhusu kufanya nini?

Wengi wetu hudhani lazima Rais atangaze "hali ya hatari" ndipo serikali iingie kazini. Sivyo. Sheria zetu zina milango miwili, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Huu uko wazi siku zote, hata jua likiwaka. Unaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji au mtaa. Kamati ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo kwa Kalambo iko hapo hapo Matai. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, uokoaji ulianza bila hali ya hatari kutangazwa.

Mlango wa pili ni Ibara ya 32 ya Katiba. Hapo Rais anaweza kutangaza hali ya hatari nchi nzima au sehemu yake, kwa sababu ya vita, kuvunjika kwa amani, au hata baa la kimazingira. Lakini hayuko peke yake: Spika anatakiwa kuitisha Bunge ndani ya siku 14, na tangazo linahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote. Likipita, hudumu miezi sita, labda Bunge liongeze.

Kwa nini masharti makali hivyo? Kwa sababu Ibara ya 31 inaruhusu, wakati huo, sheria zinazogusa hata haki ya kuishi na uhuru wa mtu. Ukifungua mlango huo ili kujenga daraja, umelipa bei kubwa bure.

Mwaka 1910 tetemeko la takriban 7.4 lilipiga eneo hili la Rukwa. Bonde la Ufa bado liko hapa hapa. Basi kwenye mkutano ujao wa kijiji, uliza swali moja tu: wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani?