Kibao Si Mji

Msafiri aliye Mikumi, katika barabara kuu ya Iringa, akiona kibao cha Kilosa hajafika Kilosa. Ameonyeshwa njia tu. Kiungo cha ishara katika kompyuta ni kibao kama hicho: ni faili dogo lisilo na kitu ndani ila anwani ya faili jingine.

Programu hukiomba kiini cha mfumo kwa mwito uitwao symlink, ulioanza mwaka 1983 katika mfumo wa 4.2BSD. Hutaja mambo mawili: kwanza faili liendewalo, kisha jina la kiungo. Jibu likiwa 0, kazi imekwisha. Likiwa -1, imeshindikana, mathalani kwa kuwa jina hilo limekwisha tumika.

Lakini jihadharini! Mwito huu hauulizi kama faili liendewalo lipo. Mimi nilifuta faili la kumbukumbu za chama chetu cha midahalo, nikidhani nimebakiwa na nakala. Kumbe kilichobaki ni kibao! Ukifuta kiungo, faili husalimika. Ukifuta faili, kiungo huelekeza porini.

Basi, kabla ya kufuta, tazama kwanza: je, huo ni mji au ni kibao?