Usahihishaji wa Kiingereza cha Miongozo ya Programu Huria: Nafasi ya Msomaji wa Kiswahili wa Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Makala hii inazungumzia kazi ambayo katika uchapaji wa vitabu huitwa kusoma prufu, lakini inaichunguza katika uwanja mwingine, yaani miongozo ya programu huria za kompyuta. Kwa programu huria tuna maana ya programu ambazo matini yake ya ndani yako wazi, na ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Miongozo mingi ya programu hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Imezoeleka kudhaniwa kwamba kukisahihisha Kiingereza hicho ni kazi ya wazawa wa lugha hiyo, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kupokea na kutafsiri.

Hoja ya makala hii ni tofauti. Makosa ya tahajia na ya sarufi huonwa upesi na mzawa wa lugha. Lakini makosa yaliyo mabaya zaidi katika mwongozo, yale ya utata wa maana, mara nyingi hayamsumbui mzawa hata kidogo, kwa sababu akili yake huujaza upungufu bila yeye kutambua. Humsumbua yule anayelazimika kuyahamishia maelezo katika Kiswahili, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili humtaka aamue jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliliacha bila kuliamua. Ili kuithibitisha hoja hii tutatazama kwanza mazingira ya Masasi na Newala, kisha aina tatu za utata, halafu mipaka ya msahihishaji, na mwisho utaratibu wa kupeleka masahihisho.

2.0 Mazingira ya Msomaji

Mji wa Newala uko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, katika nchi ya vilima vya mawe. Kimakonde, Kimakua na Kiyao ndizo lugha za nyumbani kwa wakazi wengi. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi na ya shughuli za umma, na Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Kwa hiyo karani au mwalimu wa huko anaposoma mwongozo wa kompyuta kwa Kiingereza, mara nyingi anasoma lugha yake ya tatu.

Kazi ya kuandika na kusahihisha lugha si ngeni mahali hapa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alianzisha kituo cha misheni ya UMCA Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi na baadaye Newala baada ya kituo cha Masasi kushambuliwa mwaka 1882, alichapisha maelezo ya lugha ya Kimakua mwaka 1879 na msamiati wa Kiyao na Kiingereza mwaka 1888. Vitabu vya namna hiyo vilitegemea masikio ya wenyeji, kwani hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kusema neno fulani limekosewa. Hata hivyo, uwezo wa kulibadili neno lililokwisha kuchapwa ulikuwa mikononi mwa mwandishi na mpigachapa, na ilibidi lingoje toleo jipya, kama lingekuwapo. Aliyeliona kosa na aliyeweza kuliondoa walikuwa watu wawili walio mbali. Ni umbali huo ambao programu huria zimeupunguza.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa sekta ya afya. Tangu miaka ya 1990 zahanati na vituo vya afya nchini Tanzania vimekuwa vikitunza takwimu kwa mfumo wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vitabu vyake vya kuandikia wagonjwa ni vya Kiswahili. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 programu huria iitwayo DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ilikuwa imesambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi hiyo. Miongozo asilia ya programu hiyo ni ya Kiingereza, na wengi wa walioichangia si wazawa wa Kiingereza. Hivyo mtumishi wa wilaya anasimama kati ya kitabu cha Kiswahili kilichotoka zahanati na mwongozo wa Kiingereza unaoieleza programu. Akiuelewa mwongozo visivyo, kosa linaingia katika takwimu za wilaya.

3.0 Aina Tatu za Utata

3.1 Utata wa rejea

Kiwakilishi cha Kiingereza “it” husimama badala ya karibu kila kitu kisicho mtu. Tuchukue sentensi hii tuliyoitunga: “Delete the file in the folder if it is empty.” Je, kisicho na kitu ni faili au ni folda? Mzawa wa Kiingereza huipita sentensi hii bila kusita, akiichukua maana inayomjia kwanza. Mtafsiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Ni lazima aandike ama “Futa faili lililomo katika folda iwapo halina kitu”, ama “Futa faili lililomo katika folda iwapo haina kitu”. Upatanisho wa ngeli unamsimamisha hapo, na kusimama huko ndiko kunakofichua kosa. Dawa yake katika Kiingereza ni nyepesi: kiwakilishi kiondolewe na nomino yenyewe irudiwe.

Jaribio hili lina udhaifu wake. Iwapo nomino zote mbili ni za ngeli moja, mathalani “kompyuta” na “programu”, Kiswahili nacho kitakuwa na utata uleule: “Zima kompyuta na programu ikiwa imekwama” haituambii ni kipi kilichokwama. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya watu. Kwa hiyo ngeli ni kipimo kizuri, lakini si kipimo pekee.

3.2 Utata wa vitenzi vya ruhusa na wajibu

Maneno “may not” yana maana mbili. Sentensi “The user may not see the report” yaweza kuwa na maana kwamba haruhusiwi kuiona taarifa, au kwamba huenda asiione. Maana ya kwanza ni katazo. Ya pili ni tahadhari tu. Katika Kiswahili “haruhusiwi” na “huenda” hayakutani popote. Vivyo hivyo “should”: mara huwa shauri, kama katika “yapasa uhifadhi kazi yako”, na mara huwa tarajio, kama katika “ukurasa utafunguka”. Msomaji anayelichukua tarajio kama shauri atatafuta kitufe cha kuufungua ukurasa ambao hujifungua wenyewe.

Wataalamu wa intaneti walilitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1997 Scott Bradner aliandika waraka, unaojulikana kama RFC 2119, uliofafanua maneno ya wajibu, shauri na hiari yatakayotumiwa na waandishi wa viwango vya intaneti. Lakini waraka huo ulilenga viwango. Miongozo ya watumiaji wa kawaida huandikwa bila masharti hayo, na ndiyo inayosomwa na watu wengi zaidi.

3.3 Utata wa kutokuwapo

Aina ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa takwimu. Tuseme mwongozo unasema: “Where there is nothing to report, no value is needed.” Mtafsiri atauliza: ni kwamba hapakuwa na mgonjwa, au ni kwamba hapakuwa na taarifa? Kwa Kiswahili hizi ni sentensi mbili tofauti. Ya kwanza ni habari yenyewe, nayo ni njema. Ya pili ni ukosefu wa habari.

Tutoe mfano wa kubuni. Zahanati mbili za Newala zinasimamiwa na ofisi moja. Moja haikupata mgonjwa wa malaria mwezi mzima. Nyingine iliwapata wengi, lakini kitabu chake hakikufika kwa sababu barabara ilikatika kwa mvua. Ikiwa karani ataacha nafasi tupu kwa zote mbili, zitafanana. Anayeandaa mpango wa wilaya akiihesabu nafasi tupu kuwa sifuri, ataiona zahanati ya pili kama mahali pasipo malaria, nayo ndiyo yenye haja kubwa ya dawa mseto. Suala hili linahusu pia ujenzi wa programu. Katika DHIS2, kwa kawaida sifuri haihifadhiwi mpaka anayeusanidi mfumo aagize hivyo kwa kipengele cha data kinachohusika. Mpangilio huu una sababu, kwa kuwa hupunguza wingi wa data usio wa lazima. Lakini unadai mwongozo utenganishe waziwazi sifuri na nafasi tupu, na kila sentensi inayoyachanganya mawili hayo inastahili kusahihishwa mapema kuliko kosa lolote la tahajia.

4.0 Mipaka ya Msahihishaji

Msahihishaji mwenye bidii anaweza naye kuleta madhara. Kwanza, asibadili neno linalotumiwa na mashine. Mfano maarufu ni neno “Referer”, linaloonekana katika mawasiliano kati ya vivinjari na seva. Kwa tahajia ya Kiingereza lilipaswa kuwa na herufi “r” mbili katikati. Lilipoandikwa katika waraka wa HTTP wa mwaka 1996 kosa lilikuwa limekwisha kuenea, na hadi leo halijaondolewa, kwani programu nyingi hulitambua kwa sura hiyohiyo. Mwongozo unaolisahihisha neno hili ungempotosha msomaji.

Pili, jina la kitufe au la sehemu ya fomu liandikwe katika mwongozo kama linavyoonekana kwenye skrini, hata kama limekosewa. Kosa hilo lipelekwe kwanza kwa watunzaji wa programu, kisha mwongozo ufuate. Tatu, tofauti ya tahajia ya Uingereza na ya Marekani si kosa. Kinachotakiwa ni mwongozo mmoja kufuata tahajia moja. Nne, na hili ndilo muhimu zaidi, msahihishaji asiamue maana kwa kubahatisha. Akiikuta sentensi yenye maana mbili, aijaribu programu yenyewe aone inatenda lipi. Sentensi iliyonyooka lakini yenye uongo ni mbaya kuliko sentensi yenye utata, kwa kuwa utata walau humfanya msomaji aulize.

5.0 Utaratibu wa Kupeleka Masahihisho

Miongozo ya programu huria kwa kawaida hutunzwa pamoja na historia ya kila badiliko. Chombo kinachotumika sana ni Git, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, ambaye mwenyewe ni Mfini aliyelelewa katika lugha ya Kiswidi. Msahihishaji huchukua nakala ya matini, hubadili mistari inayohusika, kisha hupeleka kiraka, yaani maelezo yanayoonyesha mstari wa zamani na mstari mpya. Watunzaji hukisoma na kukikubali, kukikataa au kuuliza.

Kiraka kizuri kina sifa tatu. Kinashughulikia jambo moja tu, ili kukataliwa kwa jambo jingine kusikiangushe. Kinaeleza sababu: si “nimerekebisha lugha”, bali “sentensi hii ina maana mbili, nimeijaribu programu, na iliyo sahihi ni hii”. Aidha, kinataja toleo la programu lililojaribiwa. Msomaji wa Masasi hana haja ya kuomba radhi kwa Kiingereza chake. Anachopeleka ni ushahidi kwamba sentensi imeshindwa kufanya kazi yake.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta. Tangu hapo mazungumzo yetu kuhusu lugha na kompyuta yamefuata zaidi njia moja, ile ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba njia hiyo ina marejeo. Kila mara mtafsiri anaposimama na kuuliza “hiki ni kipi?”, amegundua kosa katika matini asilia, na ugunduzi huo ukiishia katika daftari lake, wasomaji wengine wote wa Kiingereza hicho wataendelea kukosea.

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wa tafsiri katika idara zetu wafundishwe kuandika orodha mbili kwa kila kazi: tafsiri yenyewe, na maswali ambayo matini asilia haikuyajibu. Orodha ya pili ipelekwe kwa watunzaji wa matini. Karani wa Newala atakayeuliza maana ya nafasi tupu atakuwa amemsaidia mwenzake wa nchi nyingine anayetumia programu hiyohiyo. Zaidi ya hayo, atakuwa amemsaidia mgonjwa wa zahanati yake, ambaye hahitaji kujua kwamba mwongozo huo ulikuwapo.