Ukuta wa Viraka: Ujuzi wa Wazee si Ushamba

Kila asomaye Suratu Zilzala hukumbushwa kwamba ardhi hii tuikanyagayo kwa kujiamini haikuumbwa itulie milele. Ndugu zetu wa Kashmir, upande wa Pakistani, waliliona hilo Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2005, katika mwezi wa Ramadhani. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, watoto wakiwa madarasani, nchi ilitikisika. Watu zaidi ya 73,000 walifariki, na maelfu yao walikuwa wanafunzi.

Lililowaua wengi si mtikisiko wenyewe, bali ni majumba. Kuta nzito za mawe yaliyoshikizwa kwa udongo mtupu ziliachana, na mapaa ya zege yaliyoegemea nguzo dhaifu yakawaporomokea waliokuwa chini.

Serikali iliahidi fedha za kujenga upya, kwa sharti la kufuata ramani zilizoidhinishwa. Na ramani za mwanzo zilikuwa za saruji na vyuma. Lakini mtu wa mlimani, ambako lori halifiki, saruji ataipandishaje? Basi wengi waliokota mbao katika vifusi vya nyumba zao, wakaurudia ujenzi wa mababu uitwao dhajji dewari, yaani ukuta wa viraka.

Fundi husimamisha kiunzi cha mbao juu ya msingi wa mawe, ili mbao zisioze. Kisha huugawa ukuta vipande vidogo kwa mbao za wima, za ulalo na za mshazari, na kila kipande hukijaza mawe madogo na udongo uliokandwa. Juu huezeka mabati, kwani paa likiwa jepesi hatari hupungua. Ardhi itikisikapo, mbao hunepa pamoja, mawe husuguana, udongo hupasuka, na nguvu za zilizala huishia humo. Ukuta waweza kumwaga mawe mawili matatu, ila nyumba husimama, na mwenyewe huyarudisha mawe kwa mikono yake.

Wahandisi walitazama, wakaridhika. Mwaka 2006 serikali iliukubali ujenzi huo, na wenye nyumba hizo nao wakapata haki yao ya fedha. Nyumba zaidi ya 100,000 zikajengwa hivyo.

Nasi tuzingatie. Zilizala si habari ya mbali: tarehe 10 Septemba 2016 ilipiga Bukoba, ikaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nyumba yetu ya kukandika, ya nguzo, fito na udongo, ina undugu na ile ya Kashmir. Sisemi kwamba yaweza kuhimili zilizala kama ilivyo. Mbao za mshazari haina, na mchwa ni adui yake. Ninalosema ni kuwa tusiivunje kwa kuionea haya. Vyuo vyetu vya ufundi viwaite mafundi wazee wangali hai, vipime kazi yao, viseme lipi libaki na lipi lirekebishwe. Wenzetu walimwuliza mzee baada ya msiba. Sisi tumwulize kabla, kwani mwacha asili ni mtumwa.