Kutangulia si Kufika: Kupanda Milima ya Uskoti kwa Kundi

Mlima mrefu kupita yote katika kisiwa cha Uingereza ni Ben Nevis, ulioko Uskoti. Urefu wake wapata futi 4,400. Mtu asimamaye katika njia za Nairobi yu juu kuliko aliyesimama kileleni pake, na Kibo waupita zaidi ya mara nne. Pengine mtauliza, kilima kama hicho kina tisho gani? Lakini milima ile mifupi imekwisha ua watu wengi, na sababu zake zafaa kujulikana na kila apandaye mlima pamoja na wenziwe.

Watu wa huko hupenda kutembea milimani katika majira ya majani kupukutika, yaani tangu Septemba hata Novemba. Jua lipunguapo, miti huacha kufanya ile rangi ya kijani iliyomo majanini, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa ndani yake hudhihirika. Bonde zima huonekana kama limepakwa dhahabu.

Bali uzuri huo una hila. Mwezi wa Juni mchana wa huko hupata saa 18. Mwishoni mwa Novemba husalia saa 7 tu, na jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Tena, kwa kila futi 1,000 mtu apandazo, baridi huzidi kwa digrii 2 hivi, hata mvua ya bondeni ikawa theluji kileleni. Nguo zikilowa na upepo ukivuma, mwili hupoteza joto upesi kuliko uwezavyo kulirudisha.

Kwa hiyo yafaa kuhesabu saa kabla ya kutoka. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, W. W. Naismith, alitoa kanuni hii: kwa kila maili 3 hesabu saa 1, na kwa kila futi 2,000 za kupanda ongeza saa 1. Basi safari ya maili 9 yenye kupanda futi 3,000 yataka saa 4 na nusu, wala mapumziko hayamo. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu, siku njema. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Jambo hili lilionekana kwa uchungu mwezi wa Novemba 1971. Wanafunzi kutoka Edinburgh walikwenda katika milima ya Cairngorms pamoja na viongozi wao, wakagawanyika makundi mawili. Wenye nguvu zaidi walitangulia, wakafikia kibanda kidogo huko juu. Kundi la pili lilipatwa na dhoruba ya theluji, giza likaingia, wasikione kibanda. Walikaa nje siku mbili usiku. Wanafunzi watano na msaidizi mmoja wa kiongozi wakafa. Kiongozi na mwanafunzi mmoja ndio waliookoka. Kibanda chenyewe kilibomolewa mwaka 1975, kwa hofu ya kuwa vibanda vya namna hiyo huwavuta watu mahali pa hatari.

Basi, yawapasayo waendao kwa kundi ni haya. Mwachieni mtu nyumbani habari za njia yenu na saa ya kurudi. Aliye mzito wa mwendo na awe mbele au katikati, asiachwe nyuma peke yake. Chukueni ramani, dira, taa, chakula cha akiba na nguo kavu. Mwenzenu akitetemeka, akijikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka, baridi imekwisha mwingia mwilini: mkingeni na upepo, mvisheni nguo kavu, wala msimpe pombe, kwani humzidishia kupoteza joto. Mkihitaji msaada, pigeni filimbi mara 6 katika dakika moja, mngoje dakika moja, kisha mrudie.

Zaidi ya yote, pataneni tangu asubuhi saa ya kugeuka, nanyi mkaishike hata kama kilele kiko karibu. Mlima hauondoki mahali pake. Mtaukuta siku nyingine. Wazee wetu walisema, kutangulia si kufika. Na kundi halijafika mpaka yule wa mwisho amefika.