NJIA YA MAFIA NI BAHARI

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, lakini si kila mwananchi wa bara ajuaye taabu ya kuifikia. Hakuna reli wala barabara ivukayo maji yale. Ziko njia mbili tu: ya angani na ya baharini.

Njia ya angani ni ya siku nyingi. Januari 1915 Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani kisiwa hicho, na baadaye ndege zao ziliruka kutoka hapo kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Julai mwaka ule ule manowari hiyo iliangamizwa. Basi ndege ziliingia Mafia mapema sana; lakini ziliingia kwa vita vya wakoloni, si kwa haja ya mwenyeji.

Leo ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni kwa muda wa kama nusu saa. Ni safari njema kwa mtalii aendaye kumwona papa potwe, au matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini mvuvi na mkulima wa minazi hawaipimi safari kwa saa. Huipima kwa nauli. Wao hushika barabara kuu ya kusini hadi Kibiti, wakaingia njia ya Nyamisati, kisha wakangoja chombo. Bandari ile imo ndani ya mikoko ya delta, na maji yakipwa safari huchelewa.

Kuundwa kwa kivuko MV Kilindoni kwa ajili ya njia hii kulikuwa hatua kubwa, nasi twaisifu. Hata hivyo, kivuko peke yake si njia. Barabara ikikatika kwa mvua, abiria hafiki gatini. Kivuko kikisimama kwa matengenezo bila kingine cha kushika zamu, mama mjamzito mwenye kuhitaji hospitali kubwa na mfanyabiashara mwenye samaki wa kuoza wote hulazimika kupanda chombo chochote kilicho tayari.

Hapo ndipo hatari ilipo. Taifa halijasahau MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, wala MV Nyerere mwaka 2018. Mara zote tatu chombo kilibeba watu kupita kiasi.

Kwa hiyo twasema: wenye dhamana wahesabu barabara, gati na chombo kuwa kazi moja, na kila matengenezo yatanguliwe na mpango wa chombo cha badala. Nahodha asiondoke kabla ya kuhesabu watu na kuwavika majaketi ya kuokolea maisha. Nasi abiria, tukiambiwa chombo kimejaa, tusimbembeleze baharia wala kumpa chochote ili atupakie. Majuto ni mjukuu, na baharini mara nyingi mjukuu huyo huzaliwa yatima.